"Set" moja, kazi mia nne: neno la Kiingereza lililotuangushia tanga vichwani

Mzee_wa_Foromali ameandika:

Asalaam aleikum waungwana. Uzi ni mrefu, mwenye haraka na apite, mwenye nafasi aketi.

Kazi yangu ni mashua. Nawachukua wageni Shela, nawapeleka Manda Toto waangalie samaki kwenye matumbawe, nawachomea changu, jioni nawarudisha Amu, yaani Lamu. Kiingereza changu ni cha gatini: cha kupatana bei, cha kutaja samaki, cha kumwambia mtu inama foromali, ule mti unaobeba tanga, inapita. Kimenitosha miaka yote. Mwezi uliopita nikampata msaidizi, mtoto wa dada yangu, katoka kidato cha nne juzi na Kiingereza kafaulu vizuri. Nikasema alhamdulillahi, sasa mashua ina mkalimani.

Siku ya kwanza tulikuwa na wageni wanne. Mmoja wao mzee wa Kiingereza, mtu wa bahari, unamjua kwa anavyokaa chomboni. Tumeshatoka gatini, tuko kwenye mkondo baina ya Amu na Manda, kusi linavuma vizuri, tanga tumelitweka lakini halijafika juu barabara. Yule mzee akaliangalia, hakuridhika, akapaza sauti: "Set the sail!" Kijana wangu akaruka kama aliyechomwa na miba, akaifungua jarari, ile kamba ya kutwekea tanga, na foromali na tanga lake vyote vikaja chini, puu, juu ya vichwa vya watu. Mama mmoja alifunikwa mzima, kilichobaki nje ni viatu.

Nikamuuliza, "We mwana, una nini?" Akanijibu bila wasiwasi: "Mjomba, amesema set. Sunset ni jua kutua. Basi set ni kutua. Nimetua tanga."

Sikumkaripia, kwa sababu hesabu yake imenyooka. Jua linatua, ndege inatua pale Manda, mchukuzi anatua mzigo, nahodha anatua tanga. Kiswahili kilimpa njia moja safi akaifuata mpaka mwisho. Kumbe kwa Mwingereza jua liki-"set" linashuka, na tanga liki-"set" linapanda!

Tangu siku hiyo neno hili limenikaa kichwani. Kila nikigeuka naliona. Hotelini kuna bango la "set menu". Mgeni ananiuliza kama nime-"set" saa ya kuniamsha alfajiri. Mwingine amenunua "set" ya vikombe, analalamika kuwa kimoja kimevunjika. Nauliza wenye elimu: neno hili lina maana ngapi hasa, na wenyewe wanajuaje ipi ni ipi?

---

Kigoda_cha_Baraza ameandika:

Naweka kigoda. Ila yule mama aliyefunikwa na tanga alilipa nauli?

---

Mzee_wa_Foromali ameandika:

Alilipa na akaongeza. Alicheka mpaka Kipungani.

---

Mwalimu_wa_Bara ameandika:

Mzee wangu, swali lako lina jibu na lina namba.

Kamusi kubwa kuliko zote za Kiingereza ni Oxford English Dictionary. Toleo lake la pili lilitoka 1989, juzuu 20, ukiziweka kwenye rafu moja ya mbao zetu hizi inapinda. Katika toleo hilo, neno lililochukua nafasi ndefu kuliko yote lilikuwa hilo hilo lililokuangushia tanga. Kitenzi "set" peke yake kilipewa maana 430. Ukiingiza na misemo yake, yaani "set" ikifuatwa na vijineno kama "up", "off", "out" na "in", unafika kama 580. Maelezo yake yote ni kiasi cha maneno 60,000. Hicho ni kitabu kizima, neno moja!

Lakini "set" imevuliwa taji. Walipoanza kuirekebisha kamusi walianzia herufi M, kwa hiyo "make" ikaipita mwaka 2000, kisha "put" mwaka 2007, na mwaka 2011 ikaja "run" na maana 645 kwa kitenzi tu. Mhariri aliyeishughulikia "run", Peter Gilliver, alikaa nayo zaidi ya miezi tisa. Mimba ya neno moja.

Mimi nafundisha Kiingereza hapa kisiwani na mwanafunzi akiniuliza "Mwalimu, set maana yake nini?" simjibu. Namwambia niandikie sentensi nzima kwanza.

---

Bishi_wa_Langoni ameandika:

Samahani Maalim, mimi hapo sioni sifa, naona umaskini. Mtu aliye na kanzu moja huivaa harusini, msibani na shambani. Waingereza hawana maneno, ndiyo maana moja linatumwa kila mahali kama punda wa matofali. Sisi kila kazi ina mwenyewe. Tanga twalitweka. Mtego twautega. Mtihani twautunga. Meza twaiandaa. Mfupa twauunga. Moto twautia. Bei twaipanga. Jua latua. Halua ikipoa yaganda. Hesabuni hapo, maneno tisa, kwao yote ni "set". Nani tajiri?

---

Kigoda_cha_Baraza ameandika:

Bishi leo kaamka na panga.

---

Mwalimu_wa_Bara ameandika:

Bishi, orodha yako ni nzuri na nitaiiba darasani. Lakini ungoje kidogo. Nitafsirie haya kwa Kiingereza: kupiga simu, kupiga pasi, kupiga mswaki, kupiga picha, kupiga kura, kupiga magoti, kupiga chafya, kupiga miayo, kupiga makasia, kupiga randa, kupiga mbizi, kupiga hodi, kupiga ramli, kupiga deki. Mwingereza hapo atahitaji neno jipya kila mara, na atashangaa kwa nini Waswahili wana ugomvi na kila kitu, mpaka meno yao wenyewe wanayapiga. Hiyo kanzu moja hata sisi tunayo.

Na "kula" je? Tunakula wali, tunakula kiapo, tunakula hasara, tunakula njama, tunakula Idi.

---

Bishi_wa_Langoni ameandika:

Kula Idi ni kula kweli. Hilo ondoa.

---

BintiMkomani ameandika:

Jamani mnazungumza kama kwamba "set" ni ya Waingereza bado. Imeshakuwa yetu! Saluni kwangu mteja akiingia akasema "nioshe na uniseti" anataka rola na draya, hakuna anayeuliza kamusi.

Na harusini, wanaume sikilizeni. Mama wa bibi harusi akisema "seti" basi ni dhahabu: kidani, vipuli, bangili na pete, vyote vya mchoro mmoja. Yupo bwana mmoja, jina silitaji, aliambiwa "usisahau seti" akaja na seti ya sufuria. Sufuria nzuri, za kung'ara. Ndoa ilifungwa, lakini mpaka leo shemeji zake wanamwita Bwana Sufuria.

---

Fundi_Chokaa ameandika:

Kwa upande wa ujenzi. Sisi mafundi asubuhi twaseti nyumba, yaani twapiga vigingi na twavuta kamba kupata pembe za msingi kabla jembe halijagusa ardhi. Jioni zege laseti, yaani lashika. Kwa hiyo kazi yangu inaanza kwa kuseti na inaishia kwa kuseti, na katikati ni jasho. Zege likishashika huna la kufanya, hata kama pembe ya asubuhi ilikosewa. Chokaa yetu ya matumbawe ilikuwa na subira zaidi, ilikupa muda wa kujuta.

---

Sindano_ya_Zamu ameandika:

Hospitali nako usiseme. Daktari ana-"set" mfupa, yaani anaurudisha mahali pake, halafu anafunga plasta na tunangoja hiyo plasta i-"set". Mgonjwa mmoja, neno moja, dakika kumi. Na ukituma mwanafunzi mgeni "lete seti" atakuuliza ipi: ya dripu, ya kushonea au ya kuzalishia? Kwa uso wa anayemtuma anajua. Kama uso umekunjamana ni ya kuzalishia.

---

Kamusi_Mkononi ameandika:

Nimesoma kimya kimya tangu juu. Naomba niingie kwenye mzizi, maana pale ndipo utamu ulipo.

Kitenzi "set" ni mtoto wa "sit", kukaa. Zamani sana lugha za jamaa ya Kiingereza zilikuwa na njia ya kukigeuza kitenzi kiwe cha kusababisha, kama sisi tunavyofanya. Sisi tuna kaa na kalisha, lala na laza, anguka na angusha. Wao wana "sit" na "set", "lie" na "lay", "fall" na "fell" ile ya kuangusha mti. Ni jozi zile zile! Tofauti ni kwamba kwetu mlango bado uko wazi: leo nikikuletea kitenzi kipya utakipa "-isha" bila kufikiri. Kwao mlango umefungwa, zimebaki jozi chache ambazo wenyewe wengi hawajui kuwa ni mama na mtoto.

Basi "set" asili yake ni kukalisha. Rudini sasa muangalie. Jua linakaa kitako. Mfupa unakalishwa mahali pake. Kuku anakalishwa juu ya mayai, hiyo nayo wanaiita "set". Vyombo vinakalishwa mezani. Zege linakaa, halitikisiki tena. Hata tanga la mzee limekalishwa pale linapotakiwa kufanyia kazi, ambapo ni juu! Kijana alikosea kwa sababu alishika njia ya kwenda chini, na neno lenyewe halisemi chini wala juu. Linasema mahali pake.

Lakini seti ya BintiMkomani, ile ya vipuli na kidani, ni ukoo mwingine. Hiyo ilipita Kifaransa cha zamani, na nyuma yake kuna Kilatini "secta", wafuasi, watu wanaofuatana. Ndiko lilikotoka pia neno lao la madhehebu. Maneno mawili ya asili mbili yalikuja yakafanana sura, yakachanganyikana mpaka hata wenye kamusi wanapata taabu kuyatenganisha. Sisi tuna kaa wa pwani, kaa la moto na kukaa kitako. Mgeni akisema "nimekalia kaa" unamwangalia kwanza usoni ndipo ujue umpe pole ya namna gani.

---

BintiMkomani ameandika:

Kwa hiyo vipuli vyangu ni madhehebu. Nimeelewa.

---

Mtoro_wa_Mkwaju ameandika:

Nyinyi mnacheka. Mimi neno hili limenilia pilau.

Familia yetu ilikuwa na kesi ya kiwanja alichoacha babu. Mara ya kwanza uamuzi ulitoka kwa upande wetu. Miezi ikapita, ikaja barua ya Kiingereza, na ndani yake kuna mstari unaosema ule uamuzi umekuwa "set aside". Binamu yangu ndiye aliyetusomea. Akasema: "set" ni kuweka, "aside" ni kando. Uamuzi wenu umewekwa kando.

Sasa mtu akiweka kitu kando si amekihifadhi? Mama akiweka pesa kando ni za Idi. Nyama ikiwekwa kando ni ya mgeni. Tukajua uamuzi wetu umetunzwa mahali salama mpaka siku ya kukabidhiwa. Shangazi akatoa mbuzi. Tukapika, tukawaita majirani, na dua ikasomwa.

Wiki mbili baadaye wakili akatuuliza kwa nini hatujajitayarisha. Kujitayarisha na nini? Akasema uamuzi umetenguliwa, haupo, mnaanza upya. Shangazi aliuliza swali moja tu: "Na mbuzi je?"

Maneno yote mawili yalikuwa mepesi, ya darasa la nne. Lingekuwa neno gumu refu tungeuliza. Jepesi ndilo lililotuponza, kwa kuwa kila mtu alidhani analijua.

---

Sindano_ya_Zamu ameandika:

Pole sana kaka. Hii ilinitoa kicheko halafu ikakirudisha.

---

Mwalimu_wa_Bara ameandika:

Pole ndugu yangu. Na hapa ndipo ugumu ulipo, si kwenye "set" yenyewe bali kwenye vile vijineno vinavyoifuata. "Set off" ni kuanza safari na pia ni kulipua. "Set up" ni kusimamisha biashara na pia ni kumtegea mtu. Vijana wetu wanasema "amesetiwa". "Set in" ni mvua au baridi inapoanza ikanuia kukaa. "Set back" ni kurudisha nyuma. Huwezi kujumlisha vipande, kama binamu alivyofanya, upate jibu.

Sisi kazi hiyo tunaifanya kwa mkia wa kitenzi. Chukua "tua" ya kijana wetu. Tua, tulia, tuliza, tulizana. Mtu anatua mzigo, anatulia, anatuliza mtoto. Na "weka" inatoa wekea, wekeza, wekana. Mkia ukibadilika, maana inabadilika, ila zote umezibeba ndani ya neno moja. Wao hawana mikia hiyo, wanafunga vibuyu pembeni. Mgeni wa Kiswahili naye analia: anaijua "pata", halafu anakutana na "patana", "patia" na "patiliza" na anataka kurudi kwao.

---

Bishi_wa_Langoni ameandika:

Bado nabisha.

---

Mzee_wa_Foromali ameandika:

Hilo neno lako lenyewe, Bishi! Umejiita kwa neno lenye safari tatu. Mtu anabisha maneno kama wewe. Mtu anabisha hodi mlangoni. Na chombo kinabisha: upepo ukija wa omo, yaani wa mbele, huwezi kwenda moja kwa moja, unakwenda ubavu ubavu, huku mara moja, kule mara moja, mpaka unafika juu ya upepo. Siku zote nikidhani ni maneno matatu. Leo nikiyatazama naona kama wote watatu wanagonga kitu ambacho hakitaki kufunguka. Sijui kama mwenye kamusi atanikubalia, lakini mimi ndivyo ninavyoyaona nikiwa kwenye usukani.

Na kuhusu "set" niongeze moja ya baharini. Kwenye chati za Waingereza, mkondo wa maji una "set" yake, na maana yake ni upande maji yanakokwenda. Upepo kinyume chake, unaitwa kwa upande unakotoka, kama sisi na kusi letu linalotoka kusini. Nilipoambiwa hivyo na nahodha mmoja wa yoti nilimfanya arudie mara tatu. Mkondo unakwenda kaskazini na upepo wa kusi, vyote vinakusukuma upande mmoja, na majina yao yanatazamana mgongo.

---

Mwalimu_wa_Bara ameandika:

Niongeze langu, maana mimi nimezaliwa mbali na bahari. Wiki yangu ya kwanza Amu, nilipita barazani karibu na Mkunguni, mama mmoja akaniita: "Ndoo, mwanangu, ndoo!" Nikatazama huku na huku natafuta ndoo. Nikaona moja karibu na mlango, nikaichukua, nikampelekea kwa heshima zote. Alinitazama, akaipokea, akasema ahsante. Baadaye ndipo nilipoambiwa kwamba "ndoo" ya Kiamu ni "njoo" yetu. Na "ndia" ni njia, "mato" ni macho, "tini" ni chini, wakati tini niliyoijua mimi ni tunda. Kwa hiyo mtu haendi Oxford kutafuta neno moja lenye nyuso mbili. Anavuka tu kuja Amu kutoka Mokowe, kule bara.

---

Bishi_wa_Langoni ameandika:

Hiyo ya ndoo nimekubali. Mengine bado.

---

Fundi_Chokaa ameandika:

Mzee, kijana yuko wapi siku hizi? Umemrudisha nyumbani?

---

Mzee_wa_Foromali ameandika:

Yupo, na amekuwa hodari. Nimempa sheria moja tu: mgeni akisema "set", usitazame mdomo wake, tazama kidole chake kinaelekea wapi. Kama ni tangani, vuta jarari. Kama ni kwenye sahani, tandika mkeka. Kama ni magharibi, mwache apige picha.

Ila jana tulipata nyingine. Tumewapakulia wageni wali na samaki, kijana akamuuliza mama mmoja wa Marekani kama aongezwe. Akajibu kwa tabasamu: "I'm all set." Kijana akanitazama, nami nikamtazama. Kwetu gatini vijana wakisema "niko set" maana yake niko tayari, tuanze. Basi nikasema mpakulie. Akampakulia. Mama akala kidogo, akatabasamu tena, akarudia maneno yale yale. Akapakuliwa tena.

---

Mwalimu_wa_Bara ameandika:

Lahaula. Mzee, kwa Wamarekani hiyo ni "ahsante, nimetosheka".

---

Mzee_wa_Foromali ameandika:

Sahani tatu, Maalim. Alizimaliza zote. Na leo asubuhi ametuma ujumbe kuhusu safari ya kesho: "All set for tomorrow?" Kijana amekaa hapa na simu mkononi, ananiuliza huyu anauliza kama tuko tayari, au anasema safari moja imemtosha.